Nondo Wangu Si wa Chuma

Sogea kidogo hapo kwenye benchi, jirani. Usiogope, leo sikopi. Nimekuja kulalamika tu. Chai nitailipa siku ya gulio.

Mimi kompyuta sikuitafuta. Nilikuwa na kabichi zangu nusu eka kule bondeni, sina neno na mtu. Shida ni kwamba zimetobolewa. Ukiinua jani moja juani unaona nyumba ya jirani, tena unaona mpaka wanapika nini. Kuna kimdudu cha kijani, kidogo kama kipande cha uzi. Ukikigusa kinajirusha kinaning'inia kama mwanasarakasi. Mdudu anakula majani, halafu dalali anakula kilichobaki. Maana kila nikimpigia simu, bei ya Kariakoo imeanguka. Juzi imeanguka. Jana imeanguka. Leo imeanguka. Sijawahi kusikia imeamka. Sasa huwa inaanguka kutoka wapi?

Mke wangu akasema, "Baba Nanii, nenda kwa wale vijana wa kompyuta. Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni." Akalisema mbele ya watu. Ningefanyaje? Nikavaa koti, nikashuka.

Vijana wenyewe wako chumba cha nyuma cha stesheneri moja hapa hapa Lukozi. Wanajiita klabu. Wana kompyuta tatu. Moja inawaka. Ya pili inawaka ikipenda. Ya tatu wamepewa wageni kama sisi, na hiyo haina kitufe cha herufi A. Kimeng'oka. Ukitaka A unachokonoa tundu kwa njiti ya kiberiti. Bahati yangu kabichi ina A moja tu. Lukozi haina hata moja. Nikajiona nimebarikiwa.

Kijana mmoja, ndevu ndio zinapiga hodi, akaniuliza, "Anko, umewahi kutumia kompyuta?" Yaani mbele ya watoto wa kidato cha pili! Nikampa historia niliyoisikia redioni. Nikamwambia, mwanangu, nchi hii mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya mashine za Hazina kutibua hesabu. Mpaka uwe na kibali. Amri ikaja kulegea polepole miaka ya 80 na 90. Sasa mimi hakuna mtu aliyepanda huku milimani kuniambia kwamba imelegea. Nimekaa kimya nimetii. Unamjua raia mtiifu kunizidi mimi?

Akaniangalia. Akasema, "Haya anko, weka nywila."

Nikashika kichwa. Nywele zenyewe zimebaki za pembeni. Kumbe nywila ni neno la siri. Nikalitaja kwa sauti ili anisaidie tahajia. Chumba kizima kikaandika.

Halafu zikaanza hizo anwani. "Anko andika eichi, titi, pi, esi, nukta pacha, mkwaju, mkwaju." Mkwaju mimi naujua wa aina tatu. Ule wa huko tambarare Mombo, unaozaa ukwaju. Ule wa mwalimu. Na ule wa penalti. Huu wa nne umelalia upande kama mlevi anarudi nyumbani. Nikachapa mmoja, nikasahau wa pili, ikakataa. Kijana mwingine, mjuaji huyo, akasema yule Muingereza aliyebuni mtandao mwaka 1989, Tim Berners-Lee, alikuja kukiri mwaka 2009 kwamba ile mikwaju miwili haikuwa na ulazima wowote. Unasikia? Dunia nzima tumekula mikwaju miwili bila kosa.

"Sasa malizia doti go doti tizedi." Hapo nikachangamka. Doti naijua, khanga mbili hizo. Nikajua leo serikali inagawa khanga, mama watoto atafurahi. Kumbe doti ni nukta tu, na hiyo go ndiyo serikali yenyewe. Nikatoka mikono mitupu.

Nisiwe mwongo lakini, wale watoto ni wakarimu. Kila mmoja ana tovuti yake anayoisifia kama mtu anavyosifia ng'ombe wake. Huyu anavuta mkono, "Anko fungua hii." Yule anavuta shati, "Anko hiyo achana nayo, fungua hii."

Wa kwanza akanifungulia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Safi sana, Kiswahili, bure. Nikasoma Tanga, nyuzi 31. Nikavua koti palepale. Hakuna aliyeniambia kwamba hiyo ni Tanga ya baharini na sisi tuko juu ya mawingu. Dakika kumi, meno yanagongana, naona aibu kulivaa tena. Watoto wa kidato cha pili wamevaa masweta mawili mawili wananitazama kwa huruma.

Wa pili akafungua Wikipedia ya Kiswahili, ambayo kumbe ipo tangu 2003. Akaandika Lukozi. Tumo, jirani! Kata ya Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga. Idadi ya watu ipo. Nikajitafuta kwenye hiyo idadi nikajiona. Lakini kabichi hazijatajwa. Karoti hakuna. Hata zile pea na plamsi zinazotoa watu udenda Dar, kimya. Kijana akasema mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza, mradi kiwe kitu cha kweli chenye ushahidi. Nikachokonoa njiti, nikaandika kwamba Lukozi ni mji mkuu wa kabichi duniani. Ushahidi ni mimi mwenyewe. Chai haijapoa, wamefuta.

Wa tatu ndiye aliyejua shida yangu. Akafungua Wizara ya Viwanda na Biashara, kule wanakoweka bei za jumla za masoko ya mikoani. Moyo ukadunda. Nikamwona dalali wangu analia. Tukashuka na orodha. Mahindi, yapo. Mchele, upo. Maharage, yapo. Mtama, uwele, ulezi, ngano. Hata viazi mviringo vipo, kwa gunia la kilo 100. Hilo nalo likanichekesha, maana gunia la kilo 100 mara ya mwisho nimeliona darasani kwenye swali la hesabu. Huku tunashindilia lumbesa mpaka gunia linaota kichwa na shingo. Tukashuka mpaka chini kabisa. Kabichi? Hakuna. "Anko, ungelima viazi," kijana akasema. Asante.

Tukahamia kwa mdudu. Nikakumbuka bwana shamba aliwahi kuniambia huyo ni mtoto wa nondo. Nikasema hapa sitaki msaada, nina elimu yangu. Nikaandika mwenyewe, kwa jasho: nataka dawa ya nondo, bei gani. Zikaja kurasa, zikaja kurasa! Milimita 8. Milimita 10. Milimita 12. Milimita 16. Nikashangaa jinsi wataalamu wanavyowapima hawa wadudu. Nikasema huyu wangu ni kama wa nane, bado mdogo. Chini pakaniomba namba ya simu na kiasi ninachohitaji. Nikaweka namba. Kwenye kiasi nikaandika ukweli wangu: ni wengi mno, wamejaa shamba zima.

Simu ikaita kabla sijainuka. "Bosi! Shamba zima? Unajenga kiwanda?" Nikamwambia hapana, wanakula kabichi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Bosi, kwa oda kubwa tunaleta mpaka saiti."

Chumba kizima kiko chini, kinacheka. Mtoto mmoja kapaliwa na andazi.

Ndipo yule mwenye ndevu zinazopiga hodi akaniokoa. Akanifungulia jarida la Mkulima Mbunifu, hili la kilimo hai, linatoka kwa Kiswahili tangu 2011 na kusoma ni bure. Hili nakusifia kweli, jirani, ukipata bando lisome. Kisha akanieleza taratibu habari za huyo nondo mgongo almasi. Jina zuri kuliko la mke wangu. Kumbe ni sugu kwa dawa nyingi. Kumbe ukipiga sumu kila wiki, kama mimi, unawaua wale nyigu wadogo wanaomwinda. Yaani miaka yote hiyo nilikuwa nalipa hela niue polisi, mwizi abaki. Akasema nibadilishe mazao, nisirudie kabichi wala jamaa zake shamba lilelile, nichanganye na nyanya, na nijaribu mwarobaini. Mwarobaini wenyewe uko joto la Mombo, kona zote zile za Soni nizishuke kwa ajili ya majani machungu. Lakini nikaandika kwenye kiganja.

Hapo ndipo ningeinuka niende zangu. Mtu mwenye akili angeinuka.

Lakini kijana akasema, "Anko, una binti kidato cha pili? Mwambie aingie maktaba ya TETEA, apakue mitihani iliyopita, hailipiwi. Taasisi ya Elimu nao vitabu vya kiada wameviweka. Na matokeo ya miaka ya nyuma yapo." Nikauliza, ya nyuma mpaka wapi? "Wewe ulimaliza lini?" 2004. "Unakumbuka namba yako ya mtihani?"

Jirani, mimi mkate niliotumwa asubuhi nausahau. Lakini ile namba naikumbuka kama jina la mama yangu. Nikaitaja yote, na mkwaju wake katikati, nikijiona mwamba. Sikujua kwamba mke wangu kashaingia, kaniletea mwavuli, kasimama mgongoni kwangu.

Sasa uelewe. Wakati tunachumbiana nilimwambia nina divisheni tuu. Wajomba zake walinipunguzia mahari kwa heshima ya hiyo tuu. Kikao cha wazazi shuleni huwa nawafokea watoto kwa mamlaka ya hiyo tuu.

Ukurasa ukafunguka polepole, bando linasuasua, mstari mmoja mmoja, kama mtu anayevua nguo. Namba yangu. Jinsia, M. Hapo hapana ubishi. Divisheni: IV. Pointi: 33.

Wewe ni mtu mzima, unaijua ile mizani ya zamani. Foo inaishia 33. Ukigusa 34 ni sifuri. Mimi nilisimama ukingoni kabisa, vidole vya miguu viko hewani. Hisabati F. Fizikia F. Kiswahili D, na ndicho hiki ninachokulalamikia hapa.

Watoto hawakucheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Mmoja alinisogezea andazi lake.

Mke wangu hakusema kitu. Heri angesema. Alimgeukia kijana kwa upole, "Mwanangu, kuprinti shilingi ngapi?" Mia mbili, mama. Akafungua pindo la khanga, akalipa.

Imebandikwa kabatini, pembeni ya kalenda. Binti yangu ameipigia mstari kwa rula.

Jana usiku tuko mezani, kabichi na ugali, simu yangu ikaita. Ni yule mtu wa nondo, hajakata tamaa mpaka leo, anapiga kila siku kama mkwe. Mikono yangu ina ugali, mke wangu akapokea, akaweka spika.

"Bosi, tumeshapanga gari la kuja huko Lushoto. Tuambie tu, nondo tupakie za milimita ngapi?"

Mke wangu akatafuna, akameza, akaangalia kabatini.

"Mletee za thelathini na tatu."

"Mama," jamaa akasema, "hizo hazitengenezwi."