Muulize Shangazi Mafiga: Jiko Limeniasi

Wiki hii nimepokea barua nyingi kuliko kawaida, yaani tatu. Nimezisomea mlangoni kwangu hapa Kitengela, upepo wa tambarare za Kaputiei ukinijaza vumbi masikioni, na zote tatu zinalalamikia majiko. Nimefarijika. Wiki iliyopita mliniuliza kuhusu mapenzi, jambo ambalo halina fundi.

Kwa walioingia Kitengela juzi na lori la vyombo: mimi nilifika EPZ ya Athi River haijajengwa, punda milia wakipita kwenye kamba yangu ya kuanikia nguo wakielekea mbugani Nairobi. Nimepikia kuni, makaa, stovu ya mafuta taa na, siku moja ya ubishi, mavi makavu ya ng'ombe. Hakuna jiko lililonishinda. Mume alinishinda, lakini yeye hakuwa na swichi.

*Shangazi, jiko langu la gesi linatoa moto wa manjano na sufuria zangu zote zimekuwa nyeusi. Jirani anasema nimerogwa. Nifanyeje? – Mwenye Masizi, Noonkopir*

Mwanangu, umefanya vyema kuniandikia mimi badala ya yule mama wa redio anayewaambia watu wavumiliane. Moto wa manjano hauvumiliwi.

Dawa ya kwanza: chinja mbuzi dume, uniletee mguu wa nyuma. Mguu huo hauhusiani na jiko lako hata kidogo, ila nimekuwa nikiutamani tangu Jumapili.

Dawa ya pili inahitaji nikusimulie harusi ya Isinya. Walinialika nipike pilau ya watu mia nne. Nikakuta wapishi wanne wa kukodi wamelizunguka jiko kama wazee wanaoamua kesi ya ardhi, moto ni wa manjano, bibi harusi analia, na mmoja wao ameshaanza kuomba. Nikasema, “Pisheni.” Nikafunga mtungi, nikasubiri jiko lipoe (hapo nilikunywa chai mbili, za bure), nikafungua, nikachungulia ndani ya bomba la kichomeo. Nilimkuta nani? Buibui! Ameshatandaza utando wake humo na kutulia. Mwanangu, kila mtu aliyehamia Kitengela anajenga, na buibui naye akiliona bomba la jiko lako anaona ploti isiyo na mwenyewe.

Gesi inataka kuchanganyika na hewa kabla ya kufika kwenye matundu. Ikiipata ya kutosha, moto unakuwa wa buluu na unatulia. Ikiikosa kwa sababu ya buibui, ya vumbi letu hili au ya uji uliofurika Jumatatu ukajifanya hukuuona, inawaka nusunusu na kutema masizi. Kwa hiyo vua vifuniko, uviloweke kwenye maji moto ya sabuni, uzibue matundu kwa sindano. Usitumie kijiti cha meno, kitakatikia ndani, na hapo ndipo utakaporogwa kweli. Kausha kila kitu kabisa. Kifuniko ukirudishe kikae sawasawa, kwa maana kikipanda upande moto utalamba pembeni kama ng'ombe anayelamba chumvi. Ila kile kitundu kidogo cha shaba kinachopima gesi usikipanue, hata fundi akikuapia kwa jina la mama yake. Na dirisha liwe wazi: moto unaowaka vibaya hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala haina huruma.

Ukishafunga paipu, pakaza povu la sabuni kwenye maungio na kwenye regulata. Povu likifura mahali, hapo panavuja. Shemeji yangu alitafuta mvujo kwa kiberiti. Aliupata. Hadi leo nyusi zake hazijarudi vizuri, na katika picha zote za harusi ya bintiye anaonekana mtu aliyetajiwa bei ya mahari ghafla.

Pilau, kama ulikuwa unajiuliza, ilisifiwa hadi Namanga.

*Shangazi, mume wangu amenunua jiko la umeme la kioo, la kisasa sana. Nikiweka sufuria linalia pi-pi-pi kisha linazima. Limeshakula tokeni za shilingi elfu moja bila kupika hata yai. – Bi Harusi Mpya, Milimani*

Binti yangu, jiko lisilowaka halili tokeni. Hiyo elfu moja muulize mume wako, na umuulize karibu na bafu lenye hita ya maji.

Jiko lako ni la indaksheni. Halina moto wala koili inayowaka nyekundu: chini ya kioo kuna waya uliozungushwa unaotoa nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huichemsha sufuria yenyewe. Sasa, sufuria zako ni za nini? Alumini, kama sufuria za Kenya nzima kuanzia hoteli za stendi hadi jikoni kwa shule. Jiko lako haliioni alumini. Ukiiweka pale, kwa jiko ni kama umeweka gazeti, na jiko lenye adabu halipiki gazeti.

Bandua sumaku ya spika ya redio iliyokufa (mimi ninazo tatu, nyumba yangu ni makumbusho), nenda nayo dukani, uigusishe chini ya kila chombo. Ikinata, chombo kitapika. Chuma cha kusubu hunata, enameli hunata, na vile vya chuma kisichoshika kutu vingine hunata vingine hukataa, ndiyo maana unabeba sumaku na si matumaini. Mwenye duka akikutazama vibaya, mwambie umetumwa na Shangazi Mafiga. Atakutazama vibaya zaidi, lakini kwa heshima.

Zile sufuria za alumini usizitupe. Nilete gari lini?

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa huku kutoka Mombasa. Kwetu maharagwe yalikuwa yakiiva mapema, huku nayachemsha tangu adhuhuri hadi magharibi na bado yanagonga meno. Nimebadilisha jiko mara mbili. Mume anasema mbovu ni mimi. – Mja na Maji, Kajiado Mjini*

Marahaba, mwanangu. Barua moja kati ya tatu ina salamu, nayo imetoka pwani. Wengine mjifunze.

Jiko lako ni zima, na wewe ni mzima. Tatizo ni kilima. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kajiado mjini uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 94 au 95 hivi. Ukizidisha moto hapo huongezi joto, unaongeza kelele na kumaliza gesi. Labda mume wako naye ni hivyohivyo, mimi sisemi. Jambo hili nililigundua mwenyewe mbele ya sufuria ya githeri. Wanasayansi walinitangulia kidogo tu.

Kisha kuna maji. Ukichotewa ya kisima, mengi ya huku ni magumu, yamejaa madini, na kalisi iliyomo huyafanya maganda ya maharagwe yakaze kama uso wa mama mkwe. Tumia ya mvua kama una tanki. Yaloweke maharagwe usiku kucha, maji hayo uyamwage. Kisha tia chembe ya magadi. Usiagize mbali: Ziwa Magadi liko kaunti hiihii yako, na reli inayobeba magadi kutoka huko hadi Konza inapita hapo Kajiado mjini. Wewe unahangaika na majiko huku dawa inakupitia kwa mabehewa! Ila chembe tu, nakusihi. Ukizidisha, maharagwe yatakuwa na ladha ya kufulia shuka. Tui la nazi lisubiri hadi yaive.

Au nunua sufuria ya presha, ambayo hufunga mvuke ndani hadi maji yapite nyuzi 100. Kwa maneno mengine, inaishusha Kajiado hadi Mombasa bila nauli. Mimi sina. Mimi huyakodolea maharagwe macho na yanaiva kwa woga.

Nilitaka nimalizie kwa kisa cha jinsi nilivyomfundisha fundi wa gesi kazi yake, lakini mtungi wangu umekata roho chai ikiwa haijachemka. Najua wengine wenu mngeulaza ubavu na kuutikisa. Msifanye hivyo: gesi iliyo majimaji huingia kwenye regulata, na moto unaofuata si wa chai. Kijana wa boda ameshafika getini na mtungi wa kilo sita, anapiga honi kama wa matatu. Ametangaza kwamba umejaa pomoni na kwamba mimi ni mama yake wa pili.

Shingoni mwa mtungi umechongwa uzito wake ukiwa mtupu: kilo 7.5. Nimeuning'iniza kwenye mzani wangu wa mbuzi. Mzani umesema 12.1.

Anaurudisha.