Magurudumu Yana Kesi ya Kujibu

Pale Lwakhakha, karibu na daraja la kuvukia Uganda, Probox ikisimama kungoja abiria usukani hutetemeka mpaka funguo zinagongana. Dereva ana jibu tayari: "Ni magurudumu hayo, mkubwa. Nitafanya balansi nikifika Bungoma." Gari limesimama, magurudumu hayajazunguka hata nukta, lakini ndiyo yenye hatia. Abiria waliobanana nyuma wao hulaumu petroli ya ng'ambo. Ng'ambo, bila shaka, wanalaumu yetu.

Fundi mwenye kazi yake hana maneno. Dereva akanyage breki, aweke D, naye anaitazama injini. Ikiruka, maunting imekwisha: raba inayobeba injini imepasuka, na mtikisiko wote unapita kwenye bodi hadi usukani. Ikitulia lakini bado inakohoa, anachomoa waya za koili, moja moja. Ile ambayo ukiichomoa mngurumo haubadiliki, silinda yake ndiyo imelala. Yaani kati ya silinda nne, tatu zinachapa kazi na moja inakula mshahara. Serikali za kaunti zisinielewe vibaya. Throto nayo ikijaa masizi, injini hushuka chini ya ile mizunguko yake ya kawaida, 700 hivi kwa dakika, ikaanza kutapatapa.

Halafu bei ya maunting inatajwa. Dereva anaulizia kama kipande cha tairi kuukuu hakiwezi kubanwa pale penye maunting. Inawezekana, kinabanwa, na safari ya Chwele inaanza, watu tisa ndani, dereva akisisitiza kwamba balansi ataifanya tu.