Maombi ya Kuandikishwa Ukimbizi

Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi,
Makao Makuu, Dodoma.

YAH: MAOMBI YA KUWA WAKIMBIZI HAPAHAPA NCHINI



Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni raia wa vijiji vinavyopakana na iliyokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, huku Kakonko, ambako wazee bado wanasema Kibondo ingawa wilaya iligawanywa mwaka 2012. Tunaomba tuandikishwe kuwa wakimbizi. Sababu ni usalama.

Wazo si letu. Mwaka 1998 UNHCR ilikubaliana na serikali kugharimia polisi wa kambi za magharibi, tukashuhudia maajabu: askari zaidi ya 200, magari, redio za mawasiliano, posho na mafuta. Tunarudia, Afande: mafuta. Kumbe gari la polisi linaweza kupiga doria bila aliyeibiwa kuulizwa kwanza kama ana hela ya dizeli! Mtendeli ilifunguliwa upya Januari 2016 kwa ajili ya Warundi, ikafungwa Desemba 2021 na watu wake wakahamishiwa Nduta. Ardhi haijahama. Sisi tunaweza kuingia hata Jumatatu.

Asije mtu akasema tunawaonea wivu. Tunajua miaka ile mkimbizi hakuruhusiwa kuvuka kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, na mama aliyetoka kutafuta kuni alimwogopa jambazi na askari kwa pamoja. Tena usiku, pamoja na magari yote yale, aliyezunguka kati ya vibanda alikuwa sungusungu, mlinzi wa jadi, mkimbizi mwenzao mwenye rungu.

Kwetu naye yupo. Alizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe wakiibwa na dola haionekani. Serikali ilimtilia shaka, ikamsifu, na mwaka 1989 ikamtungia sheria, mshahara ikausahau. Yeye ndiye anayejua nani kanunua pikipiki juzi na hela katoa wapi. Akimkamata mwizi humpeleka kituoni kwa miguu, na wakati mwingine mwizi hutangulia kurudi kijijini, yeye akabaki mahabusu kwa kosa la kumpiga mtuhumiwa. Hatufichi, mara nyingine kweli kampiga. Lakini kumfundisha sheria ya ukamataji kungegharimu pungufu ya semina moja ya hotelini kuhusu ushirikishwaji wa wananchi.

Mageuzi tumeyapokea yote. Enzi za IGP Said Mwema ilikuja Polisi Jamii, tukaunda kamati na kutoa maoni kwa uhuru mkubwa, nayo yakachukuliwa kabisa, hatujayaona tena. Kisha akaja mkaguzi wa polisi wa kata, kijana mwenye nyota mabegani na kata nzima ya kuzunguka kwa miguu. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikapendekeza Jeshi la Polisi liache ujeshi, liwe chombo cha huduma. Tulishangilia. Rangi ya kuandikia vibao vipya tutachanga, tumeshazoea kuchangia tofali na mabati.

Shida yetu iko kwingine. Mkuu wa kituo hujibu kwa OCD wa wilaya, OCD kwa RPC wa mkoa, RPC kwako, nawe kwa Rais aliyekuteua. Majibu yanapanda tu, hayashuki. Mwenyekiti wa kijiji, tuliyempigia kura, hayumo popote. Kazi yake ni kugonga muhuri kwenye barua ya kumdhamini mtu.

Ukimbizi ukishindikana, basi mkaguzi wa kata asimame kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, palepale mtendaji anapotusomea mapato na matumizi. Naye atusomee yake: kesi ngapi zimefunguliwa, ngapi zimefika mahakamani, ngapi zimeishia njiani na kwa nini. Maswali tutauliza wenyewe. Posho ya kikao hatudai.

Wako watiifu,
Wananchi.

Nakala: UNHCR, Kibondo (kwa ajili ya mafuta).