Unga Usiotaka Kuguswa

Kwetu Tanga unga wa chapati unakandwa mpaka jirani ajue. Meza inayumba, bangili zinalia, mkandaji anapokezana mkono wa kulia na wa kushoto, na mama mtu akipita nyuma yake hasifu chochote, anauliza tu: "Bado?" Ukisema tayari, anabonyeza kwa kidole, anaguna, unaendelea. Basi mkisikia kwamba mtu wa malezi hayo anaishi Marseille, ana oveni, ana meza imara na mikono miwili yenye afya, halafu amepigwa marufuku kukanda unga ndani ya nyumba anayoilipia kodi, msishangae akilalamika gazetini.

Aliyenipiga marufuku ni jirani wa ghorofa ya chini, bibi mmoja wa Kinormandi ambaye kwa umri wake ningemwamkia shikamoo kama Kifaransa kingekuwa na neno hilo. Tunamwita Madamu. Normandia iko kaskazini mwa Ufaransa, nchi ya mvua, majani na ng'ombe, na mtu wa huko ukimgusia siagi umemgusia heshima ya kwao. Amekaa huku kusini miaka na miaka lakini hajakubali kwamba watu wa pwani hii hupikia mafuta ya zeituni. Nice, ambako si mbali, wana pai yao ya mboga za majani ambayo ganda lake hukandwa kwa mafuta hayohayo, na watu wanaila, na wanaishi. Nilipomtajia pai hiyo Madamu alinitazama kwa huruma, akaendelea kukata siagi.

Mwanafunzi wake ni mke wangu. Walikutana kwenye ngazi, mmoja na sahani ya sambusa, mwingine na kipande cha kishi, ile pai yao ya mayai na maziwa isiyofunikwa. Wakabadilishana, wakaonja, wakashikana mikono. Siku hiyo mimi nilipoteza jiko.

Kinachofundishwa ni unga wa tati. Tati ni ndugu yake pai, ila haina kifuniko. Na unga wake Wafaransa wanao wa aina tatu kuu. Kuna pati brize, ambao hauna sukari au una kidogo mno, ndio wa kishi na tati za mboga na hata matunda. Kuna pati sable, wenye sukari na yai, unaomeguka kama biskuti. Na kuna pati sukre, ambao siagi hupondwa kwanza na sukari ya unga, mara nyingi na lozi zilizosagwa, ndio wa tati za limau mnazoziona zimepangwa kwenye madirisha ya maduka. Madamu anaanzia na wa kwanza. Anayeshindwa brize, anasema, asipoteze sukari yake.

Vipimo havitishi: gramu 250 za unga, gramu 125 za siagi, chumvi kijiko kidogo kisichojaa, maji ya baridi mililita 50 hivi, na anayetaka hutia kiini cha yai. Someni tena hapo kwenye siagi. Nusu ya uzito wa unga! Kwa siagi hiyo mama yangu angepikia chapati za Idi na bado angefunika kikopo.

Unga wenyewe nao una mambo. Pakiti za hapa zina namba: 45, 55, 65, mpaka 150. Si bei, si uzito. Ni majivu. Wanachukua unga, wanauchoma ukateketea, wanapima majivu yaliyobaki, ndipo wanajua waupe namba gani. Wa 55 huacha majivu kama asilimia 0.55 ya uzito wake, na kadiri pumba zinavyozidi ndivyo namba inavyopanda. Taifa zima linachoma chakula ili likipe jina. Kwa tati huchukuliwa wa 55, au wa 45.

Siagi iwe isiyo na chumvi, isipokuwa mpishi awe Mbretoni. Bretagne enzi za wafalme haikutozwa ile kodi ya chumvi iliyowatoa machozi Wafaransa wengine, basi wenyewe wakawa wanatia chumvi kwenye siagi bila kuogopa mtu, na hawajaacha hadi leo. Madamu analizungumzia jambo hili kwa sauti ya chini, watoto wasisikie.

Halafu baridi. Siagi iwe baridi, maji yawe baridi, bakuli liwe baridi. Mwezi wa Julai, joto la Marseille likipita nyuzi 30, hata unga unaingia kwenye friji. Nafungua nitafute maji ya kunywa nakuta bakuli la unga mkavu limekaa mahali pa chupa yangu. Na mikono iwe baridi pia. Madamu aliushika mkono wangu, akaupima kwa viganja vyake, akatoa hukumu: huu ni mkono wa mkate. Kwa heshima zote nikaonyeshwa kiti.

Sababu anazo, na kinachoniudhi ni kwamba ni za kweli. Unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji na kukandwa hushikana zikawa glutini, huo mvutano unaouona ukivuta donge nalo linarudi. Glutini ndiyo inayofanya chapati ikunjike isikatike na mkate usimame. Kwenye tati ni adui wa ukoo. Ukikanda sana, ganda linakuwa gumu, na likiingia kwenye oveni linajivuta, kuta zinaporomoka, ukitia mayai na maziwa yanamwagika chini. Ndiyo maana siagi inatangulia maji. Unaisugua kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka chembe za unga zipakwe mafuta na vyote viwe mchanga mkavu. Maji yakija baadaye yanakuta mlango umefungwa nusu. Lakini siagi huanza kulegea kwenye nyuzi 20 hivi, na kwenye 35 imeshakuwa mafuta. Mkono wa Tanga unaifikisha huko kabla hujamaliza bismillahi.

Kuna mahali pamoja tu nilipopata tumaini. Baada ya maji kutiwa na donge kukusanyika, Madamu aliliweka mezani akalisukuma mbele kwa kitako cha kiganja, kipande kwa kipande, likatandazika juu ya meza. Nikasimama. Hii kazi naijua! Nikakunja mikono ya shati. Akalisukuma mara ya pili, akalikusanya, akalifunga kwenye plastiki. "Basi, Bwana," akaniambia. Mara mbili. Mimi hata kofi la kwanza la chapati silihesabu.

Kisha donge likaenda kupumzika. Saa nzima, kwenye friji. Naomba mnisaidie hapa. Limepumzika kutokana na kazi gani? Limebembelezwa kwa vidole, limesukumwa mara mbili, halijabeba mzigo, halijapanda basi. Mimi nikirudi kazini nikijinyoosha dakika kumi kwenye kochi naulizwa kama naumwa. Najua, najua, chapati nazo tunazipumzisha: kitambaa chenye maji, pembeni, wakati mchuzi unachemka. Lakini chapati imetoka vitani. Na hili likishatoka friji, likasukumwa likawa jembamba la milimita 3, likalazwa kwenye chombo chake, likatobolewa kwa uma, linarudishwa friji tena! Mara ya pili! "Kunyoosha unga kumeamsha glutini, baba," binti yangu akanieleza, mtoto aliyezaliwa hapa, anayeandika Kiswahili kwa kubahatisha lakini glutini anaijua.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonikaba ni maharage.

Ganda la tati lenye kujazwa maji maji huokwa kwanza likiwa tupu, kama robo saa hivi kwenye nyuzi 180, ili chini lisilowe. Lisipozuiwa linafura katikati na kuta zinalala. Basi wanatandika karatasi ya kuokea ndani yake na kulijaza kitu kizito, na kitu hicho, katika majiko ya Ufaransa yenye adabu zake, ni maharage makavu. Maharage mazima, mazuri, ya kuliwa. Yanaingia kwenye oveni, yanaokwa, yanatolewa, yanaachwa yapoe, yanarudishwa kwenye chupa, yanasubiri tati nyingine. Hayapikwi maisha yake yote. Hata ukiyahurumia ukayachemsha baadaye hayaivi tena sawasawa, yameshakauka roho. Madamu ana chupa ya maharage ya namna hiyo, yamebadilika rangi kwa kuokwa, na anayasifu kwa utumishi wao mrefu.

Nilimuuliza mke wangu kama bibi yake aliyemlea kwa maharage angesemaje. Akaniambia zipo gololi za udongo za kazi hiyo zinauzwa madukani, bei yake hivi. Nikasema maharage yaendelee.

Kwa habari hii mimi ni mfuasi wa akina dada Tatin, Stéphanie na Caroline, waliokuwa na hoteli katika mji wa Lamotte-Beuvron mwishoni mwa karne ya 19. Tati inayobeba jina lao hupikwa kichwa chini miguu juu: matofaa, siagi na sukari chini, unga juu yake, ikishaiva inapinduliwa kwenye sahani. Hakuna kuoka ganda tupu. Hakuna harage linaloteswa. Sanamu zinajengewa watu kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Siku siagi ilipopanda bei nilileta pendekezo la kiuchumi: majarini. Nimekua kwa majarini, mkate wa asubuhi ulipakwa majarini, na shuleni nilifaulu. Jikoni pakawa kimya. Madamu akaweka kisu chini, akasema kitu hicho si cha Kifaransa. Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, kwa upole wa mtu anayemkosoa mkubwa wake, kwamba majarini iligunduliwa na Mfaransa, Hippolyte Mège-Mouriès, akaiandikishia hataza mwaka 1869, kwa sababu Kaizari Napoléon III alitaka kitu cha bei nafuu badala ya siagi kwa ajili ya jeshi la majini na watu wa kipato cha chini. Mimi ni mtu wa kipato cha chini. Kimetengenezwa kwa ajili yangu. Madamu akafikiri, akajibu kwamba Napoléon III alishindwa vita.

Na bado sijagusa jambo kubwa kuliko yote. Katika kila duka kubwa la nchi hii unga huu unauzwa tayari. Umeshakandwa, au tuseme haujakandwa, umeshapumzika mpaka umechoka, umesukumwa mduara kamili, umeviringishwa ndani ya karatasi yake ya kuokea. Pakiti moja gramu 230, bei hata euro mbili mara nyingi haifiki. Unafungua, unatandika, unajaza, unakula. Wafaransa wenyewe wanaununua kwa wingi, nawaona kwenye foleni. Niliununua, nikauficha nyuma ya mtindi. Mke wangu akaukuta. "Baba watoto," akasema, na anaponiita hivyo mbele ya watu najua ninalo. Akasoma maandishi ya nyuma ya pakiti kwa sauti: mafuta ya mimea, nini, nini, hakuna siagi. Madamu akajishika kifua.

Haya, na ladha? Mnataka niseme. Tati ya liki waliyoitoa jioni hiyo ganda lake lilikuwa kavu chini, likivunjika kwa sauti ndogo kisha likiyeyuka, siagi ikibaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Chapati haiwezi kufanya hivyo. Chapati ina kazi yake nyingine, inabeba mchuzi, na tati ukiichovya kwenye mchuzi inakutoroka. Nilichukua kipande cha pili, na cha tatu, huku nikiendelea kulalamika ili wasije wakazoea.

Wewe wa Mtwara au Mombasa unayetaka kujaribu, fanya alfajiri kabla jua halijakolea, igandishe siagi yako ukaikwangue kwa kikwangulio cha nazi iliyovuliwa kifuu badala ya kuisugua kwa vidole, na maji uyatie kidogo kidogo ukaache mara tu unga unaposhikana. Umeme ukikatika katikati, kanda hapohapo upike chapati. Na siku utakayonikaribisha chai, usinisimulie donge limepumzika saa ngapi. Nikatie kipande.