Sifuri Nayo ni Jibu
Nilijaza fomu ya mtandaoni ya ofisi moja, jina nalihifadhi. Penye idadi ya watoto nikaandika 0, nikabonyeza Tuma. Ikarudi na maandishi mekundu: "Tafadhali jaza idadi ya watoto." Nikaandika tena 0. Ikarudi tena. Mara ya tatu nikajaaliwa mtoto mmoja, ikapita.

Wanaoijua PHP wameshacheka. Fundi alitumia empty(), na mbele ya empty() sifuri na kutoandika kitu ni mamoja. Angeuliza kwanza kwa isset() kama kitu kimefika, ndipo atazame kama ni kitupu. Maana nafasi ya maandishi ukiiacha wazi hufika kwenye seva ikiwa tupu, ila kisanduku cha kutia vema usipokitia hakifiki kabisa. Bwana fundi kayapika yote chungu kimoja.

Huyo walau alikagua. Wenzake huchota $_POST['jina'] kama maji ya bomba, wakiamini neno required walilolibandika kwenye ukurasa litawalinda. Kivinjari hulitii, lakini asiyepitia kivinjari wala halioni. PHP 8.0 ya mwaka 2020 ililipandisha cheo kosa la kuchota kisichofika, kutoka notisi hadi onyo. Wao wakazima maonyo. Na ?? ya kuweka thamani mbadala ipo tangu 2015, haitozwi hata senti.

Barua pepe ya uthibitisho ilianza: "Ndugu , hongera." Mwanangu bado yumo kwenye kumbukumbu zao.