Heshima kwa Altezza Iliyotembea

Kijana wa Madizini, Turiani, akienda kununua gari mkononi kwa mtu, hutajiwa namba nyingi. Ya kwanza ni bei, nayo itashuka kabla chai haijapoa. Ya pili ni idadi ya wamiliki, ambayo daima ni mmoja, tena mama mtu mzima aliyekuwa akilitumia kwenda kanisani tu. Lakini dashibodi ikisoma kilomita 280,000, hapo mnunuzi amekutana na namba isiyo na sababu ya kudanganya. Wanaochezea kilomita huzirudisha nyuma zikaishia 80,000 au 90,000. Hajaonekana bado fundi aliyelipwa ili azipandishe. Basi sifa ya kwanza ya gari la mbio lililochoka ni ukweli, bidhaa ambayo madalali huiagiza kwa nadra.

Na gari la mbio, kwa kipato cha Mtanzania wa kawaida, mara nyingi ni Toyota Altezza. Ilizinduliwa Japani mwaka 1998, ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka nchini humo kwa msimu wa 1998–1999, na katika nchi nyingine ikauzwa kwa jina la kitajiri la Lexus IS. Dashibodi yake iliundwa kwa mfano wa saa ya mkononi ya kifahari, visaa vidogo vikiwa ndani ya kile kikubwa. Zipo zenye injini ya 1G-FE ya silinda sita, tulivu na vumilivu. Zipo zenye 3S-GE ya silinda nne, iliyoundwa kwa kushirikiana na Yamaha, ambayo kwa gia za mkono hutoa nguvu za farasi 210, ingawa farasi hao hawatoki zizini wote mpaka injini izunguke mara 7,600 kwa dakika. Utengenezaji ulikoma 2005. Kwa maneno mengine, kitindamimba wa ukoo huu ana umri wa kupiga kura.

Turiani ni mahali pazuri pa kuitunzia heshima yake, kwa kuwa mji wenyewe unajua kuishi na utukufu wa zamani. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari yenye maskani yake Manungu, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000, miaka ileile Altezza ilipokuwa bibi harusi. Timu ikashuka daraja 2024, ikapanda tena 2025. Mwenye Altezza hupata moyo sana kwa habari hiyo, maana yake hushuka na kupanda kila mwezi, kwenye jeki.

Serikali nayo imeitambua. Anayeagiza Altezza kutoka Japani hukutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa kuwa injini haizidi cc 2,000 (ile 3S-GE ina 1,998, wahandisi hawakuwa wajinga), asilimia 30 nyingine kwa kosa la gari kupita miaka 10, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya mzigo huo. Ndiyo maana wengi huziwinda zilizokwisha kuingia nchini, zenye namba B au C, ambazo kodi yake alishaililia mtu mwingine.

Sasa tabia yake barabarani. Lami ya Magole hadi Turiani, takriban kilomita 49, ina matuta, matrekta yenye matela ya miwa, na vibao vya 50 ambavyo nyuma yake anaweza kuwapo askari na tochi yake, faini 30,000. Altezza iliyotembea ni raia mwema kuliko dereva wake. Ikifika 80 usukani hutetemeka, ikikaribia 100 bushi hulalamika kwa sauti, na mguu hutoka wenyewe kwenye mafuta. Hakuna kidhibiti mwendo kinachofanya kazi kwa bidii hiyo. Tumbo lake liko chini ya sentimita 15 kutoka ardhini, hivyo halimpi mwenyewe kishawishi cha kupanda Maskati wala cha kuingia shambani wakati wa masika. Ndugu wenye magunia ya mpunga huwaendea wenye Noah na Probox. Msiba wa mbali? Poleni sana, gari liko gereji.

Gereji ndiko sifa zake zinakojaa. Mtu aliyekuwa akijua kuwasha na kuzima tu, baada ya mwaka mmoja huongea habari za shokapu, boljointi, ringi na sili za vali kama aliyehitimu VETA. Hujua kwamba moshi mweupe usiokatika huashiria maji yanayopita kwenye gasketi ya silinda hedi, na kwamba ule wa bluu ni oili inayoungua. Hujifunza pia lugha ya faraja, kwa mfano fundi anaposema gari halili oili, linaonja tu. Spea ikikosekana Morogoro mjini hutafutwa Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi kama kifurushi, na mwenyewe akaenda kuisubiri stendi. Huko hukutana na wenzake, wanaosubiri vifurushi vyao. Vyama vya ushirika vimeanzishwa kwa sababu dhaifu kuliko hiyo.

Wanaocheka wakumbuke Safari Rally, iliyoanza 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z, gari la mbio hasa, iliishinda 1971 na 1973, mara ya pili ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Toyota Celica ikachukua mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Hayo yalikuwa magari yaliyosindikizwa na vikosi vya mafundi waliopangwa njiani. Mwenye Altezza wa Turiani anacho kikosi kama hicho: Morogoro yuko wa umeme, Dumila yuko wa rejeta, Madizini yuko wa kuchomelea bomba la moshi. Tofauti ni kwamba Toyota haikuwahi kuwaomba mafundi wake wapokee nusu leo na nusu mwisho wa mwezi.

Je, inunuliwe? Kilomita nyingi peke yake si ugonjwa. Kilomita 280,000 za barabara kuu, oili ikibadilishwa kwa wakati, ni afadhali kuliko 120,000 za foleni ya Ubungo, ambako injini hufanya kazi huku magurudumu yamesimama. Cha kuuliza ni mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Gari la 280,000 linapaswa kuwa limekwisha kuvaa mikanda miwili mipya, na wa tatu uko mlangoni. Ukikatika safarini, vali na pistoni zinaweza kugongana, na hapo bei ya gari hugeuka bei ya chuma chakavu. Muuzaji akisema ulibadilishwa lakini risiti hana, mnunuzi ahesabu kwamba haukubadilishwa. Aidha 3S-GE ilikusudiwa petroli ya daraja la juu, na mwenye kuimiliki huisubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku EWURA inapotangaza bei, kwa moyo wa mtahiniwa wa kidato cha nne.

Hukumu basi ni hii. Yenye 1G-FE na risiti zake inunuliwe, mradi theluthi ya bei ibaki mfukoni kwa ajili ya gereji. Yenye 3S-GE iliyokwisha kufunguliwa na mafundi watatu tofauti isifiwe kwa mbali. Na atakayekwenda kuitazama aende asubuhi na mapema, amtake muuzaji asiiwashe kabla hajafika, ashike boneti kwa kiganja ahakikishe ni baridi, na aende na fundi wake mwenyewe, asimtumie yule atakayemkuta amekaa tayari kwa muuzaji.