Choo Kisicho na Mlango

Nilikaa Chuo Kikuu Ardhi miaka mitano nikisomea ubunifu majengo, lakini kwenye ukoo wetu mpaka leo naitwa mchora ramani. Baba mdogo aliposikia natafuta kazi alishangaa. "Mchora ramani anakosaje kazi na watu wanajenga kila siku?" Wanajenga kweli, baba mdogo, ila ramani wanakopi kwa jirani.

Basi nikaandaa CV. Siwezi kusema niliiandika, maana niliichora. Mwenzangu mmoja alikuwa amenitisha kwamba maofisini CV zote zinafanana, zinaishia kufungiwa vitumbua. Yangu nikaipanga kama ramani ya nyumba. Elimu ikakaa sebuleni. Programu za kompyuta nikaziweka jikoni, kila moja na mstari wake wa rangi: AutoCAD asilimia 90, Revit 75, SketchUp 95. Wadhamini nikawaketisha barazani kama wageni wanaosubiri chai. Uzoefu, kwa kuwa ulikuwa kiduchu, ukaingia stoo. Juu kabisa, kwa herufi nene: MBUNIFU MAJENGO. Kazi hiyo ilinichukua wiki mbili, na katika wiki hizo sikuomba kazi hata moja.

Kuituma kukawa mtihani mwingine. Pamoja na picha za kazi zangu, faili lilikuwa na MB 64, na Gmail haibebi kiambatisho kinachozidi MB 25. Nikalibana, likagoma, nikalibana tena hadi ghorofa langu likaonekana kama limepigwa picha na mtu anayekimbizwa na mbwa. Likaenda, likiwa na jina lake lilelile: CV_MPYA_MWISHO_KABISA_2.

Cha ajabu, nikaitwa. Asubuhi ya usaili nikakimbilia stesheneri na flashi yangu. Nilikuwa nimechora kwenye karatasi ya A3, na dada wa pale alikuwa na A4 tu. "Usijali kaka, nitaibana iingie." Sote tuliosomea fani hii tunajua kwamba A3 ikiingizwa kwenye A4 kila kitu kinabaki asilimia 71. Herufi zangu zilikuwa za ukubwa wa 8 tangu mwanzo. Zilipotoka kwenye mashine zilikuwa sisimizi.

Aliyenisaili alikuwa mzee mwenye kalamu nyekundu. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akavaa miwani, akaivua, akaisogeza karatasi dirishani. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Mlango wa mbele uko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na hiki chumba?"

"Choo, mzee." Humo nilikuwa nimeweka mambo niyapendayo: kusoma, kusafiri na muziki.

"Mtu anaingilia wapi?"

Nilitazama. Wiki mbili nzima nilikuwa nimejenga choo kisicho na mlango. Akakizungushia duara jekundu, akahamia jikoni. "AutoCAD asilimia 90. Hiyo 10 usiyoijua ni ipi, tuiepuke?" Sikuwa na jibu, namba zile nilizipanga kwa kuangalia mistari inapendeza ikiishia wapi. Kisha akagusa zile herufi nene. "Namba yako ya usajili wa Bodi ya wabunifu majengo?" Sikuwa nayo. Kumaliza chuo ni jambo moja na kusajiliwa ni jingine. Katikati yake kuna mafunzo ya kazi na mitihani, na kabla ya hapo jina hilo si lako kulitangaza. Likakatwa mstari.

"Mbunifu Beda Amuli angeandika 'Soko la Kariakoo' akanyamaza," alisema. "Wewe umeandika 'mradi wa ghorofa 12'. Ulifanya nini humo?"

Nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo pale, miezi miwili. Nikameza mate. "Ngazi, mzee. Na jedwali la milango."

"La milango!" Akatazama choo changu, akacheka mpaka akakohoa. Kisha, ghafla: "Kidato kimo chake kiasi gani?"

"Milimita 150, kina 300. Kimo mara mbili ukijumlisha kina, inapatikana 600."

Kwa mara ya kwanza aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama ngazi zile zilijengwa, nani alizikagua, saiti nilikwenda mara ngapi, fundi alikosea wapi. Tulizungumzia ngazi dakika 20, na habari yenyewe kwenye CV haikuwa na hata neno moja. Mwishowe akanirudishia karatasi. "Kaandike hizo ngazi. Ukurasa mmoja. Picha zilete peke yake, chagua kazi nne, na kila moja useme mkono wako ulipita wapi. Uje Jumatatu."

Nikarudi stesheneri na ukurasa mweupe wenye maandishi meusi, herufi za 11, bila sebule wala baraza. Dada aliutoa kwenye mashine, akageuza nyuma kuangalia kama kuna kingine.

"Kaka, hii imekuja nusu," akasema. "Ile nyumba iko wapi?"